Mafuta ya samaki, ya ini la samaki au ya kitani: kipi kinasaidia macho makavu?

Fundi Wa Vioo
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijatupa hela. Mi ni fundi simu Kariakoo, kutwa nimeinamia maikroskopu na feni inanipiga usoni, huu mwaka wa pili macho yananichoma kama mtu kanimwagia mchanga, jioni mekundu, alafu cha ajabu asubuhi nikiwa kwenye bodaboda yanamwaga machozi hadi dereva anadhani nimefiwa. Nimeambiwa ni macho makavu, nikacheka, makavu vipi na yanachuruzika? Haya, famasi nimeonyeshwa vitu vitatu. Kapsuli za mafuta ya samaki omega 3 za 1000 mg, chupa ya 60, elfu 38. Mafuta ya ini la samaki yale ya kijiko tuliyokuwa tunakimbizwa nayo utotoni, elfu 25. Na mafuta ya mbegu za kitani, wenyewe wanaita flaksi, elfu 30. Muuzaji kasema yote ni omega tu chukua unayoweza. Kuna aliyetumia akaona tofauti?

Mama Nasra
Mi natumia hizo kapsuli mwezi wa sita sasa, vidonge viwili kila siku baada ya chakula na kwa kweli naona nafuu, zamani nikikaa kwenye kompyuta saa moja tu nafikicha macho. Chukua hizo usijutie.

Mzenji Maskati
Huku Maskati wa kwetu wengi tunalia na macho kwa sababu ya kiyoyozi, nyumbani kiyoyozi, garini kiyoyozi, ofisini ndo usiseme. Nilinunua omega ya nguvu, miezi mitatu. Macho yalikuwa yale yale, ila nikicheua mke wangu ananiuliza nimekula dagaa saa ngapi 😂 Kilichonisaidia ni kuhamisha meza nisikae chini ya ule upepo. Bure kabisa.

Mpima Macho
Mkuu Fundi, nianze na hilo la machozi maana wengi linawachanganya. Chozi si maji matupu, juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye vitezi vilivyo ukingoni mwa kope, juu na chini, na kazi yake ni kuzuia maji yasikauke. Vitezi vikiziba mafuta hayatoki vizuri, chozi linakauka haraka, jicho linachomeka, ndo linajitetea kwa kumwaga maji mengi kwa mpigo. Maji hayo yanapita tu, hayakai. Ndo maana unalia na bado ni makavu.

Sasa kwenye chupa zako. Zote kuzipa jina la omega ni sawa na kusema daladala na lori yote ni magari. Geuza chupa usome nyuma, usiangalie ile 1000 mg ya mbele, hiyo ni uzito wa mafuta yote. Tafuta EPA na DHA, hizo ndo omega 3 zenyewe za samaki. Kapsuli nyingi za kawaida zina EPA 180 na DHA 120, yaani 300 tu. Kitani hakina EPA wala DHA, kina ALA, omega 3 ya mimea, ambayo mwili unatakiwa uibadilishe na unabadilisha kidogo sana.

Fundi Wa Vioo
Ahsante daktari, kwahiyo nichukue za kapsuli ila niongeze idadi?

Mpima Macho
Si daktari mkuu, mi napima macho na miwani tu. Na kabla hujaongeza idadi sikia hii. Marekani walifanya utafiti unaitwa DREAM, ukatoka 2018, watu 535 wenye macho makavu hasa. Wengine walipewa omega 3 ya samaki 3000 mg kwa siku, EPA 2000 na DHA 1000, wengine wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua, mwaka mzima. Wote walipata nafuu! Kwenye kipimo cha dalili cha pointi 100, wa samaki walishuka pointi 13.9, wa zeituni 12.5, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Kwahiyo dada Mama Nasra simbishii kwamba ana nafuu, ninachosema ni kwamba hata wale wa zeituni wangekuja hapa wangesema hivyo hivyo.

Kevo Naks
Piga hesabu basi 😅 kufika hiyo 3000 na kapsuli za 300 ni kumi kwa siku, chupa ya 60 inaisha siku sita, mwezi ni chupa tano, 190,000 za kwenu. Na haishindi zeituni. Buda kula omena, mnaita dagaa nyinyi, hizo za ziwani zina omega na ni chakula. Huku sisi ni omena na ugali na macho yako sawa.

Mama Nasra
Haya mi naendelea na zangu jamani, nikiacha yakirudi mtanilipa nyie?

Mpima Macho
Endelea dada, vidonge viwili hivyo kwa watu wengi havina shida. Wa kuangalia ni wanaokunywa dawa za kuyeyusha damu kama wafarini na wenye mapigo ya moyo yasiyotulia, hao waulize daktari wao kwanza, maana dozi kubwa za omega zimeonekana kuongeza tatizo hilo la mapigo.

Shoga Wa Chumbageni
Samahani naingilia uzi. Hayo ya ini la samaki mi nina mimba ya miezi mitatu, mama mkwe kaniletea chupa anasema mtoto atakuwa na macho mazuri, nayaogopa ila sijui nimwambieje.

Mpima Macho
Mwambie umekatazwa kliniki na uwaulize kweli. Ini la samaki lina vitamini A nyingi ya aina ya retinoli, na ikizidi kwenye mimba inaweza kumdhuru mtoto. Hiyo ndo tofauti yake kubwa na kapsuli za kawaida, zile zinatoka kwenye mwili wa samaki, haya yanatoka kwenye ini. Vitamini A ni muhimu kwa macho, watoto wadogo wanapewa matone yake kliniki kila miezi sita, ila mtu mzima anayekula mchicha, maembe na mayai kukosa vitamini A si jambo la kawaida.

Fundi, fanya haya kwanza wiki tatu. Kitambaa safi cha maji ya moto unayoweza kuvumilia, juu ya macho uliyofumba dakika 10, kikipoa chovya tena, alafu sugua kope taratibu kuelekea ukingoni ili mafuta yatoke. Feni igeuze. Na pepesa macho, mtu akikodolea kitu kwa karibu anasahau kabisa kupepesa. Unatumia matone yoyote sa hivi?

Fundi Wa Vioo
Natumia ndio, nilipewa famasi nyingine mwaka jana, yanafanya jicho linakuwa jeupe dakika chache tu, yakiisha nanunua mengine, kama miezi minne hivi. Kichupa kimeandikwa deksamethasoni na neomisini. Hayo ndo yananisaidia kuliko vyote kusema ukweli.

Mpima Macho
Mkuu achana na habari za omega kwanza. Deksamethasoni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Inafanya jicho jeupe kweli, ila ukiitumia miezi bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho bila maumivu yoyote na ikaua mshipa wa kuonea, huo upofu haurudi, na inaleta pia mtoto wa jicho. Nenda kliniki ya macho kesho, beba hicho kichupa, waambie miezi minne, wapime presha ya jicho. Watakuelekeza namna ya kuyaacha. Usinunue kingine.

Mzenji Maskati
Ya Rabi. Hayo hayo mama yangu Unguja anayo kwenye friji, anampa kila mjukuu anayefikicha jicho. Nampigia sa hivi.

Fundi Wa Vioo
Wakuu nimerudi. Nimeenda leo asubuhi, nimekaa foleni hadi saa nane. Presha jicho la kulia 24, la kushoto 22, wamesema kawaida haizidi 21. Mshipa bado mzima. Kichupa wamekichukua, wamenipa machozi ya bandia yasiyo na steroidi, narudi baada ya wiki mbili kupimwa tena. Kitambaa cha moto wife ndo ananichemshia maji. Elfu 38 bado ninayo mfukoni.

Kevo Naks
Nunua omena.