Tunakimbia mwaka mzima vyuo vya Marekani, hela zikitoka sisi wageni tunaambiwa viza hairuhusu!!

Wakuu, huko nyumbani kuna uongo unasambaa kwamba siku hizi wanamichezo wa vyuo Marekani wanalipwa, kwa hiyo dogo akipata skolaship ya riadha ameshatoboa. Nani kawadanganya? Wanaolipwa ni wazawa, sisi wa viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, tunaangalia tu.

Iko hivi. Julai 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, waliruhusu mwanafunzi aingize hela kwa jina na sura yake, atangaze viatu, mgahawa, chochote. Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, kuanzia Julai ile chuo kikaruhusiwa kugawia wanamichezo wake mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Fungu kubwa linaenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu cha wanaume, sawa, hao ndio wanaojaza viwanja, sina ugomvi nao. Kinachoniuma ni hii viza, kazi kwa kawaida unaruhusiwa ndani ya chuo tu na isizidi masaa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, tangazo ukipiga hapa inahesabika kazi ya nje na unaweza kurudishwa kwenu. Mzawa niliyemwacha mbali kwenye mbio anatangaza duka hapo mtaani, mimi ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaniambia usiguse, subiri likizo ukafanyie kwenu. Nauli ya kufika uwanja wa ndege wa KIA ananipa nani??

Na hayo mazoezi sasa. Sheria ya NCAA inasema mwisho masaa 20 kwa wiki kipindi cha mashindano, na siku moja ya kupumzika. Sikilizeni wanavyohesabu: siku ya mashindano hata mkikaa uwanjani kutwa nzima inaandikwa masaa matatu. Safari ya basi usiku kucha haimo, kukaa kwa fizio haimo, na zile mbio za alfajiri wanaziita za hiari, ila usipotokea kocha hakusemeshi wiki nzima. Wenzetu wa mpira msimu wao unaisha, sisi wa mbio ndefu tuna mbio za nyika mpaka Novemba, tunaingia mbio za ukumbini mpaka Machi, tunatoka mbio za uwanjani mpaka Juni, tunapumzika lini jamani? Mimi nilikuja nasoma uhandisi, maabara zikagongana na mazoezi nikaambiwa tafuta kozi nyepesi. Kozi nyepesi!! Wazazi wangu hawakunisomesha sayansi shule ya kata isiyo na maabara ili nije huku nichaguliwe kozi na kocha.

Halafu nikaumia, mfupa wa mguu ukapata ufa kwa kukimbizwa misimu yote mitatu bila kupumzishwa. Kocha badala ya kuuliza naendeleaje ananiambia ufadhili wako tutauangalia upya mwisho wa mwaka. Mzawa akikatwa anakopa serikalini anaendelea na shule, mgeni mkopo ule hapewi, ukikosa ada huwezi kuendelea na masomo na ukiacha masomo viza nayo imekwisha. Yaani kukaa kwangu nchini kunategemea mguu wangu, na mguu wameuumiza wao.

Watu wetu wamevipa sifa vyuo hivi siku nyingi. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State, Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania alikimbilia chuo cha Texas kule El Paso enzi zile zile za medali yake ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Miaka yote hiyo wanatutafuta mpaka vijijini, leo pesa imeingia ndio wanakumbuka kwamba sisi ni wageni!

Na nyie mnaopeleka madogo huku mkalipwa chenu, muonyesheni mtoto karatasi kabla hajasaini. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne, akiumia unabaki au unakatwa, hospitali nani analipa. Mimi mlinionyesha picha za uwanja tu.

Kama kuna aliyepita huku akapata njia halali ya kuchukua hizo hela na F-1 yake aimwage hapa hapa wote tusome, sio inboksi.