Nimemwambia dogo kuwa Mike Tyson ni jina tu, sasa haji mazoezini. Naombeni ushauri

kocha_uani

Habari za jioni wakuu. Mimi ni kocha msaidizi kwenye gym moja ya ngumi huku Manzese. Ni gym ya uani, mabegi matatu na ulingo wa mbao uliotandikwa turubai. Kuna dogo wa miaka 17, huu ni mwaka wake wa pili kwangu. Mfupi, ana mabega, na ngumi yake ya kulia nikimshikia pedi naisikia mpaka kwenye kiwiko. Tatizo ni Mike Tyson. Kutwa yuko kwenye simu anaangalia vile vipande vya sekunde thelathini, watu wanadondoshwa tu. Nikimwambia arushe ngumi ya kushoto ya kunyoosha mara mia, anarusha kumi halafu anaanza zile za kuzungusha. Kukimbia alfajiri hataki.

Sasa kuna promota kamfuata, anataka apande ulingoni mwezi ujao, ngumi za kulipwa, raundi nne, kwa hela ambayo ukitoa nauli na chakula haibaki kitu. Dogo hajacheza hata mapambano matano ya ridhaa. Nikakataa. Akanijibu mbele ya wenzake: "Kocha, Tyson alianza kulipwa ana miaka 18, na miaka 20 akawa bingwa wa dunia." Hasira zikanipanda. Nikamwambia: "Tyson wako ni jina tu. Alipiga wazee na waoga, alipokutana na wanaume akapigwa." Vijana wakacheka. Dogo akafungua bandeji za mikono taratibu, akazikunja vizuri, akaziweka kwenye benchi, akaondoka. Leo siku ya kumi na moja.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Kwanza, nilichosema ni kweli? Nilikisema kwa hasira na sasa kinanisumbua usiku. Pili, nimfuate au nisubiri arudi mwenyewe? Huyu mtoto ana kipaji, sitaki nimpoteze kwa mdomo wangu.

mpambanaji_keko

Umesema kweli tupu mkuu, usijilaumu. Larry Holmes, bingwa wa zamani, alipopigana na Tyson Januari 1988 alikuwa na miaka 38, na karibu miaka miwili hajapanda ulingoni. Michael Spinks uzito wake wa asili haukuwa uzito wa juu, na siku alipopigana na Tyson alipanda akiwa ameshashindwa usoni. Sasa hesabu wanaume. Buster Douglas, Tokyo, Februari 1990, Tyson akapigwa KO (kudondoshwa asiinuke) raundi ya 10. Holyfield, Novemba 1996, refa akamwokoa Tyson raundi ya 11. Wakarudiana 1997, akamng'ata mwenzake sikio akaondolewa. Lennox Lewis, Juni 2002, KO raundi ya 8.

Kuna jambo moja watu hawalisemi. Tyson hakuwahi kudondoshwa kisha akainuka akashinda. Hata mara moja. Ali alidondoshwa na Henry Cooper pale London 1963 mwisho wa raundi ya nne, ya tano akammaliza. Holmes huyo huyo aliangushwa na Earnie Shavers 1979, akaamka akashinda. Mimi bingwa nampimia hapo, kwenye kuinuka. Kwa kipimo hicho Tyson amekuzwa sana.

nyota_ya_mbagala

Nafuatilia. Ila msimhukumu kwa lile pambano la 2024 na Jake Paul, pale alikuwa na miaka 58.

mzee_wa_mabanda

Kijana wa Keko, tarehe zako ni sahihi lakini hadithi umeianzia katikati.

Mwaka 1988 sisi wa bara hatukuwa na televisheni, ilikuja 1994. Ngumi za Marekani tulizisikia redioni na kuzisoma gazetini, halafu wiki kadhaa baadaye kanda inafika kwenye banda la video. Niliona pambano la Tyson na Spinks kwenye banda moja Kariakoo. Mabenchi ya mbao, joto, tumebanana, jasho la jirani linakuwa lako. Nimelipa kiingilio, naomba watu wanipishe nipate pa kukaa, mara kelele, Spinks yuko chini. Sekunde 91. Watu wakamvaa mwenye banda, wakidai kanda imekatwa. Akalazimika kuirudisha nyuma mara tatu.

Mara ya kwanza na ya pili nilimwangalia Spinks akianguka, kama wote. Mara ya tatu nikamwangalia Tyson kabla ya ngumi. Kichwa hakikukaa mahali pamoja hata kidogo. Glovu ziko mashavuni, goti linakunjika, anaingia ndani ya mikono ya mtu mrefu kuliko yeye bila kuguswa. Na iliyoanza kumvunja Spinks ilikuwa ya mwilini, ndiyo iliyompigisha goti. Ile ya pili ya kichwani, ambayo kila mtu anaikumbuka, ilikuja kumalizia tu. Na huyo Spinks mnayemwita mwoga alikuwa hajawahi kupoteza pambano, na alishampiga Holmes mara mbili.

Kwa hiyo kocha, kauli yako ina nusu ya ukweli. Tyson amekuzwa pale anapowekwa juu ya Ali, au juu ya Holmes aliyetetea mkanda mara 20. Hapo mimi sikubali. Lakini Tyson wa 1986 mpaka 1988 hajakuzwa hata chembe. Kilichotokea ni kwamba watu wanasifia sehemu ndogo ya kazi yake. Wanasifia mwisho wa pambano, ile kazi iliyoufikisha mwisho huo hawaioni. Hata dogo wako haioni, na siku ile hata wewe hukuiona.

Na hilo la miaka 18 lina jibu. Ni kweli alianza kulipwa Machi 1985. Lakini Cus D'Amato alimpata akiwa na miaka 13 hivi, mtoto aliyewekwa kwenye shule ya watoto watukutu, akamlea kule Catskill. Huyu D'Amato ndiye aliyemfikisha Floyd Patterson kwenye ubingwa 1956 akiwa na miaka 21. Tyson alicheza ridhaa miaka yote hiyo. Mwaka 1984 alitaka kwenda Olimpiki, akapigwa na Henry Tillman kwa pointi, wakarudiana akapigwa tena. Tillman akaenda Los Angeles akaleta dhahabu. Tyson alikuwa na miaka zaidi ya minne ya darasa na vipigo vya kweli kabla ya kulipwa hata senti. Mwambie dogo hilo.

mpambanaji_keko

Shikamoo mzee. Tillman nakubali, sikuwa na jibu la hapo. Lakini watetezi wa Tyson husema alipigwa kwa sababu alikuwa ameshachakaa. Holyfield alizaliwa 1962, Lewis 1965, Tyson 1966. Wote wawili ni wakubwa kwake! Ilikuwaje mdogo achakae kabla ya wakubwa?

mzee_wa_mabanda

Marahaba. Hapo umenibana, na sitakwepa. D'Amato alifariki Novemba 1985, mwaka mmoja kabla ya kijana wake kumpiga Trevor Berbick na kuwa bingwa. Kevin Rooney, kocha aliyeifahamu ile kazi, akafukuzwa mwaka ule ule wa Spinks. Baada ya hapo kichwa kikaanza kukaa mahali pamoja. Kule Tokyo jicho lilipovimba, watu wa kona yake hawakuwa hata na kile chuma cha baridi cha kugandamizia uvimbe. Walijaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira wakamwekea jichoni. Bingwa wa dunia huyo. Mwenzake alikuwa amefiwa na mama siku 23 kabla, akadondoshwa raundi ya 8, akainuka, akashinda. Sema Douglas alikuwa na sababu ya kupigana. Halafu ikaja jela, karibu miaka mitatu.

mama_wa_tandale

Samahani kaka zangu, hiyo jela mnaipita kama mtu anayepita mvua. Alihukumiwa 1992 kwa kumbaka msichana wa miaka 18. Haikuwa kuumia goti wala kuchelewa mazoezi. Mnapopima jina la bingwa, na hilo limo, na mtoto wa miaka 17 aliyebandika picha yake ukutani inabidi asikie kutoka kwa mtu mzima anayemheshimu. Mimi nina wavulana wawili. Wakija nyumbani na shujaa, nataka wamjue mzima, pamoja na aliyoyafanya mtu mwingine akalia.

Sasa kwako kocha. Ulimwaibisha mbele ya wenzake. Mtoto aliyekunja bandeji zake vizuri kabla ya kuondoka hajakuchukia. Angekuchukia angezitupa. Usimsubiri. Nenda kwao, lakini anza kwa mama yake, salimia, kaa, kubali chai ukikaribishwa. Mweleze mama habari ya promota kwa sababu nina wasiwasi hajaambiwa. Mtoto ana miaka 17, huyo promota alipaswa kugonga hodi nyumbani kwanza. Halafu ukimwomba dogo msamaha, siku akirudi uuseme tena pale pale uani, wale waliocheka wasikie.

ridhaa_kwanza

Dada kamaliza upande wa nyumbani, mimi niseme wa uani. Nimefundisha ngumi za ridhaa miaka mingi, na Tyson namtumia sana. Ila siwapi vijana vipande vya KO. Nawawekea mapambano mawili waliyoyaruka. La James Tillis, Mei 1986, raundi 10, na la Tony Tucker, Agosti 1987, raundi 12. Yote alishinda kwa pointi. Tucker hakuwa amepoteza pambano, mrefu, na raundi ya kwanza tu alimtandika Tyson ngumi ya kidevuni kutoka chini ikamrudisha nyuma. Tyson hakupagawa. Aliendelea kufanya kazi raundi kumi na mbili nzima, na usiku ule akakusanya mikanda yote mitatu mikubwa. Mpe dogo kalamu na karatasi, mwambie ahesabu mara ngapi kichwa kinasogea kabla ya kila ngumi. Kijana wangu mmoja aliacha kuhesabu raundi ya pili, akaniuliza mwenyewe kuhusu kukimbia alfajiri. Mapafu ya raundi 12 hayatoki kwenye simu.

Pia funga kamba kutoka nguzo mpaka nguzo, usawa wa mabega yake, apite chini yake kushoto kulia, mbele na nyuma, dakika tatu tatu. D'Amato alizipa ngumi namba, na Rooney alikuwa anaita namba hizo kutoka kona. Ukimfundisha dogo kwa namba atajiona yuko ndani ya kazi ya Tyson, huku wewe unamfundisha kujilinda. Ya kushoto ya kunyoosha utaipata humo humo, bila ugomvi.

La mwisho, na hili linaniuma. Mwulize kama anamjua Titus Simba, aliyeleta medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh 1970. Au Michael Yombayomba, aliyeleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998. Wote ridhaa. Vijana wetu wanamjua mtu wa Brooklyn mpaka tarehe ya kuzaliwa, hawa wa kwetu hawawajui hata kwa sura. Sisi makocha hatuwasimulii.

mpambanaji_keko

Nimeangalia la Tucker usiku huu baada ya kusoma hapa, zima. Sikuwahi kulitazama. Kwenye orodha yangu ya mabingwa Tyson bado yuko chini ya Holmes na Holyfield, hilo sibadilishi. Lakini neno "waoga" kocha liondoe. Nililishangilia na mimi, halikuwa haki.

kocha_uani

Wakuu, nimerudi. Asanteni wote, mzee wa mabanda na dada wa Tandale hasa.

Nilikwenda jana jioni. Mama yake anakaanga mihogo barabarani, nikakaa kwenye ndoo pembeni ya karai mpaka wateja wakapungua. Kweli kabisa dada, habari za promota alikuwa hazijui. Aliacha mwiko ndani ya mafuta akanitazama muda mrefu, halafu akasema huyo mtu aje kwake na karatasi anayotaka isainiwe, si kumwita mtoto kijiweni.

Dogo alikuja na gunia la mihogo begani. Alinisalimia "shikamoo kocha" bila kuniangalia. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, nilisema vibaya na sehemu ya niliyosema haikuwa kweli. Nikamweleza ya Tillman. Hakuamini. "Alipigwa mara mbili? Na mtu gani?" Ikabidi tumtafute kwenye simu tukiwa pale pale. Alipoona ni kweli, akakaa chini kwenye gunia lake.

Kuhusu kesi ya 1992 nilimweleza pia, mama yake akisikiliza. Alikuwa anajua Tyson alifungwa, alidhani ni kwa kupigana. Alinyamaza, sikumlazimisha aseme kitu.

Tukaanza kuangalia la Tucker, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya pilipili. Alikuwa anahesabu kwa vidole, vikiisha anaanza upya. Raundi ya 9 bando langu likaisha. Kasema ataimalizia leo na ataniletea hesabu yake. Bandeji zake nimezifua, ziko begini. Kesho saa kumi na moja alfajiri namsubiri pale Darajani, na nimewaambia wale vijana wengine nao waje.

Mwenye kamba ya manila ya mita nane hivi na kofia ya kujikinga kichwani ya mtumba, saizi ya kati, naomba aniambie bei.