Yah: Kuwinda bata mzinga wa porini hapa Kentucky

Ndugu zangu,

Mwenzangu wa kazini amenialika kwenda kuwinda bata mzinga mwezi wa nne kwenye shamba lake nje ya Lexington. Kwetu nilizoea kutega kanga, lakini ndege huyu simfahamu kabisa. Naomba mwenye uzoefu anieleze taratibu na mbinu zinazofaa.

* * *

Ndugu yangu,

Nianze na karatasi. Msimu wa machipuko hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 15 Aprili, nao huchukua siku 23. Utahitaji leseni ya uwindaji na kibali cha bata mzinga, na ikiwa ulizaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, cheti cha mafunzo ya uwindaji pia. Unaruhusiwa ndege wawili kwa msimu mzima, si zaidi ya mmoja kwa siku, na lazima wawe na ndevu, yaani kile kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani. Ukimpata, umripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo hiyo. Kumwaga mahindi ili kumvuta ni kosa. Jambo jingine ni hati zako: mwenye ukaazi wa kudumu hazuiwi na sheria ya taifa kushika bunduki kwa sababu ya uhamiaji wake, lakini mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida amekatazwa isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji, na kwa hali hiyo ni busara amwone mwanasheria kwanza.

Sasa ndege mwenyewe. Pua yake haina kazi kubwa, lakini macho yake hutambua rangi vizuri na huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Ndiyo maana tunavaa nguo za mabakamabaka, glavu na wavu wa uso. Usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata leso, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume msimu huu, na mwindaji mwingine anaweza kukudhania ndege. Keti umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, na ukimwona mtu anakuja usimpungie mkono, bali mwite kwa sauti.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nenda ukasikilize, kwa maana hulala mitini kama kanga wetu. Wengine huiga mlio wa bundi, na dume hushtuka akajibu kwa ule mlio wake wa koromeo, hivyo ukajua mti wake. Alfajiri, kungali giza, keti kiasi cha mita 100 kutoka hapo, usawa mmoja naye au juu kidogo.

Kazi yenyewe iko katika kumwita, na hapa ndipo wageni wengi tunapoharibu. Kwa maumbile yao, jike ndiye humfuata dume, kwa hiyo wewe unayeiga sauti ya jike unamtaka avunje desturi yake. Ukiita mfululizo, atasimama palepale, mkia umetandazwa kama upepeo wa ukili, akingoja umfuate. Kwa anayeanza napendekeza kile kisanduku cha mbao chenye mfuniko wa kusugua: toa milio mitatu au minne, kisha nyamaza. Akijibu, zidi kunyamaza. Akisita, parua majani makavu kwa vidole kama jike anayetafuta chakula, jambo ambalo limenisaidia kuliko kifaa chochote cha dukani.

Msimu wangu wa kwanza nilikaa karibu saa mbili bila kutikisika, dume akatokea kwenye ukingo wa malisho, hatua hamsini hivi. Mbu akanitua sikioni, nikainua mkono. Sikumwona hata alivyogeuka.

Usifyatue akiwa amejitutumua, kwani shingo huwa imejikunja. Toa mlio mmoja mkali, atainua kichwa, nawe ulenge pale kichwa kinapoungana na shingo, asizidi mita 35. Kabla ya msimu, jaribu bunduki yako ya marisau kwenye karatasi kwa umbali huohuo uone chembe zinavyotawanyika.

* * *

Asante sana, kaka. Naongeza kwa Waislamu wenzangu: mimi hutaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na nikimkuta angali hai namchinja, kwa hiyo kisu hukaa kiunoni, si ndani ya gari. Kifua ni laini, unaweza kukikaanga siku hiyo hiyo. Mapaja yana kano ngumu kama vijiti. Yachemshe taratibu kwa tangawizi na kitunguu saumu mpaka nyama iachane na mfupa, uzing'oe kano zote, ndipo utie tui la nazi.