Ukoo wa Babu Mvumi – Jumamosi

Shangazi Debora: Mbukwenyi ndugu. Nakumbusha mara ya nne, Jumamosi wageni wa Yona wanafika kwa Baba saa nne, turubai nimeshatanguliza hela, viti 100, mbuzi wawili, kila nyumba 20,000 na mpaka sasa wametoa watatu. Watatu!! mmoja mimi

Shangazi Debora: Tiki za bluu naziona

Eliya: Shikamoo Shangazi. Niko na Babu hapa anauliza wageni gani

Shangazi Debora: Nilishamwambia, watu wa chama wanakuja kumsalimia

Daudi: kumsalimia na spika nne 😂

Baba Mdogo Yona: Daudi acha utani. Vijana wengi wa chama hawajawahi kuona kadi ya TANU kwa macho, ni heshima kwa Mzee

Eliya: Anapepeta uwele, kasema anakuja

Dada Rehema: Samahani nilikuwa kwenye zabibu Hombolo mtandao hakuna. Jumamosi hii au ijayo?

Shangazi Debora: HII

Baba Mdogo Yona: Isije ikawa kama 2020 tu. Kura za maoni za chama nilipungukiwa chache na najua nyumbani nani alininyima

Daudi: Bamdogo hilo si tulilimaliza, tukachinja na mbuzi

Dada Rehema: mbuzi wangu. Sijalipwa mpaka leo

Eliya: Babu anasema niandike nisipunguze. "Yona, 2020 sikukupa na nilikwambia usoni kabla ya kura. Azimio la Arusha la 1967 lilisema kiongozi asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Wewe unazo nne Nkuhungu. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti yalilegezwa, sawa, mimi sikulegezwa."

Baba Mdogo Yona: Mzee kwa heshima zote, chama chenyewe ndo kiliruhusu watu watafute. Anayepingana na chama ni wewe sio mimi, ndo maana wanakuita muhafidhina

Daudi: hicho ni cheo au ugonjwa

Neema Dar: Babu si ahamie upinzani tu yaishe

Shangazi Debora: Neema umeamka, mchango wako uko wapi?

Eliya: Kacheka ya Neema mpaka kakohoa. Sasa kaingia ndani katoa kadi, anaitunza kwenye Biblia ya Cigogo, imefungwa nailoni mbili. "Sihami. Tume ya Nyalali ilipouliza kuhusu vyama vingi nilisema chama kibaki kimoja, na wengi walisema kama mimi, vikaja vingi nikatulia. Niliapa cheo ni dhamana. Anayekuja kunisalimia atakunywa uji. Turubai na spika siwekewi uwanjani, pale naanika uwele. Na kadi yangu haipigwi picha na mtu anayeomba kura."

Dada Rehema: 🙏

Shangazi Debora: Jamani turubai nimetanguliza 80,000 na hairudi

Mama Eliya: Si ifanyike kwa Yona

Daudi: kwenye zile za kupangisha 🤣🤣

Shangazi Debora: DAUDI. Yona sema neno

Baba Mdogo Yona: Ujumbe huu umefutwa

Baba Mdogo Yona: Nitampigia Mzee jioni

Eliya: Anasema usipige, uje. Kesho, peke yako, na magunia mawili matupu ya kuwekea uwele

Shangazi Debora: Kwa hiyo mbuzi wawili au mmoja???

Dada Rehema: safari hii sitoi