Leseni, kibali, idhini, ruhusa: kwa Kiingereza kipi kinakaa wapi?

Mwaloni_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Kikundi cha wauza dagaa hapa Mwanza kinamwandikia mnunuzi wa Kampala. Rasimu iko hivi:

"We requested for a permission to transport dagaa and it was approved of. Our boat has a license and the officer let us to dry fish on the beach."

Naomba kasoro zake, na sababu ya kila moja.

Mkalimani_Nyegezi
Mkuu, tuanzie mwanzo. "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for": "we requested permission". Hiyo "for" inakuja pale neno linapokuwa nomino, "a request for permission".

"Permission" kwa maana ya ruhusa haihesabiki, kwa hiyo "a permission" ifutwe. Kinachohesabika ni ile karatasi yenye mhuri: "a permit", "two permits". Ukisoma kwa sauti, nomino inakazwa mwanzoni, PERmit, na kitenzi mwishoni, perMIT. Wakati uliopita t ni mbili: "permitted".

Kosa zito ni "approved of". "The officer approved our application" maana yake ameidhinisha, faili limeshasainiwa. Ukiongeza "of", umesema afisa ameona ni jambo jema, basi. Hakuna saini hapo, na mnunuzi makini atauliza kibali kiko wapi. Tena kinachokuwa "approved" ni ombi. Ruhusa yenyewe huwa "granted".

"Let" nayo haibebi "to": "let us dry". Ukitaka "to", tumia "allow": "allowed us to dry". Kwenye kutendwa usijaribu kabisa "we were let to dry", sema "we were allowed to dry". Na kama humtaji anayeruhusiwa, ni "they allow drying here", si "they allow to dry here".

Karani_wa_Ziwa
Naongezea kwenye leseni. Tanzania tunafuata tahajia ya Uingereza: nomino "licence" kwa c, kitenzi "license" kwa s. Kumbuka "advice" na "advise", ambako sikio linakusaidia. Kwa hiyo boti ina "a licence", lakini ni "a licensed boat", kwa kuwa hilo limetoka kwenye kitenzi. Marekani wanaandika s kote.

Kati ya "licence" na "permit" msibuni. Tazameni kichwa cha karatasi yenyewe, kisha nakilini neno lililochapwa pale. Majina yakitofautiana, anayekagua mzigo atadhani kuna karatasi mbili.

Mwaloni_Kirumba
Asanteni sana. Kuna sehemu nyingine wameandika "the council sanctioned our group". Iko sawa?

Mkalimani_Nyegezi
Iondoeni leo hii. "Sanction" ina maana mbili zinazopingana, kuidhinisha na kuadhibu, na kwa wingi, "sanctions", ni vikwazo. Msomaji anaweza kuelewa kwamba halmashauri imewaadhibu. Kama kikundi kimesajiliwa, andikeni "registered". Kama kimepewa mamlaka ya kufanya jambo, "authorised", na jambo lenyewe litajwe: "authorised the group to collect fees".

"Consent" iacheni kwa mwenye haki anayekubali kwa hiari yake, kama mgonjwa kabla ya upasuaji. Bunge linaporidhia mkataba ni "ratify", Rais anapokubali muswada ni "assent to". Na mkikutana na "leave to appeal" kwenye hati ya mahakama, hiyo ni ruhusa ya kukata rufaa, msije mkaifasiri likizo.

Barua yenu basi:

"We requested permission to transport dagaa and our application was approved. Our boat has a licence, and the officer allowed us to dry fish on the beach."

Kama dagaa mnawaanika kwenye chanja, andikeni "on raised racks near the beach". Mnunuzi akisoma "on the beach" peke yake atawaza mchanga, na bei ataishusha hapo hapo.