Umenunua 4x4 la zamani: ulianzia wapi kulinyoosha? Tupeane uzoefu

SPANA NNE
Wakuu, salaam. Leo alfajiri jirani kaamsha mtaa mzima na Land Cruiser kuukuu aliyoinunua juzi. Stata inalia, inalia, gari linakohoa, moshi mweupe umetanda hadi kwangu, ndipo linashika. Mke wangu akanitazama tu, maana anajua tulikopita na la kwetu. Basi kila mtu aseme lake lilimtesa wapi na lilipona vipi.

Naanza mimi. Langu ni Land Cruiser la toleo la 75 lenye injini ya 1HZ, ile silinda sita ya lita 4.2 isiyo na turbo, yaani feni ya kusukumia hewa kwenye injini. Muuzaji alinihakikishia, "Hili ni kuweka dizeli na kwenda." Kwenye tambarare alisema kweli. Likianza kupanda, nguvu inapungua kidogo kidogo kama mtu anafunga bomba, hadi linazima. Unashuka, unabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, linawaka, unaenda hadi kilima kinachofuata. Fundi wa kwanza akasema pampu ya dizeli imekufa. Wa pili akasema nozeli. Wa tatu hakufungua hata boneti, akasema uza.

Aliyelitibu ni mzee mmoja mkimya. Alichomoa mpira wa dizeli unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, akaweka badala yake kipande cha mpira unaoonyesha ndani, akaniambia nipige resi. Tukayaona mapovu yanapita mfululizo. Akafuata njia nzima kurudi nyuma: ile pampu ya mkono inavuta hewa, na mpira wa juu ya tenki umepasuka kwenye bano. Kumbe kutoka tenki hadi pampu dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo ufa haudondoshi kitu chini bali unaingiza hewa. Ndiyo maana kila fundi aliyechungulia chini aliona pakavu. Pampu niliyoambiwa imekufa bado ndiyo ninayotembelea.

DIZELI NZITO
Huyo fundi wa tatu namfahamu. Kaniambia na mimi niuze, kisha akauliza bei.

MAMA CHUMA
Umenikumbusha machozi, kaka. Nilichukua Hilux yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, bodi safi, injini inaunguruma vizuri, ila breki pedali ngumu. Nikaambiwa ndivyo zilivyo za zamani, miguu itazoea. Nikabadilisha pedi, nikabadilisha masta silinda, nikafungua hadi haidrovaki, ile ngoma inayosaidia mguu kukanyaga breki. Wapi. Mteremko mrefu nashuka na gia ya pili, nimesimama juu ya pedali kwa miguu miwili, abiria wangu ameshika mlango tayari kuruka.

Wakati huohuo alteneta ilikuwa haichaji. Nikajua ni magonjwa mawili, nikatafuta mafundi wawili. Fundi umeme ndiye aliyeifungua alteneta akaikuta inaelea kwenye oili. Akaniita. Kwenye hizo injini za L pampu ya vakyumu, ile inayoipa haidrovaki nguvu ya kukusaidia kukanyaga, imefungwa mgongoni mwa alteneta na inalainishwa na oili ya injini kwa mpira mwembamba. Sili ya katikati ilikwisha, oili ikavuka upande wa umeme ikalowesha makaa, na pampu yenyewe ikabaki haivuti. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Siku ilipofungwa nzima, pedali niliigusa tu nusura nigonge kioo kwa paji la uso.

Mwenye dizeli ya zamani yenye breki ngumu, kabla hujanunua masta silinda, chomoa ule mpira wa vakyumu injini ikiwa inawaka, weka kidole. Usipovutwa kidole, unajua pa kwenda.

KIJANA WA BONETI
Asante sana mama, nimeandika.

BWANA RAHISI
Nyie mnazunguka sana. 4x4 la zamani ugonjwa wake ni kuchemsha. Ukilinunua tu, toa thamostati, ule mlango wa maji ya kupozea injini, tupa. Maji yazunguke yenyewe. Zangu zote natoa na hazijawahi kuniangusha.

FUNDI ASIYE NA HARAKA
Hapo ndipo tunapogombana, Bwana Rahisi. Injini nyingi za hizi gari thamostati yake ina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikipata moto, mlango wa juu unafunguka maji yaende rejeta, na kisahani cha chini kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonja rejeta. Kwenye mzigo na kilima ndipo linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Na siku za baridi halifiki joto lake, linakula dizeli bure.

BWANA RAHISI
Nadharia hiyo. Njoo uone langu.

FUNDI ASIYE NA HARAKA
Nije nione nini wakati hujalipakia kitu zaidi ya magazeti? Kama linachemsha, vua rejeta uipime: mirija imeziba chokaa, mapezi yameoza hata kuguswa hayaguswi. Halafu ishike feni injini ikiwa imezimwa na ina moto. Ikizunguka bure kwa kidole, klachi ya feni imekwisha. Thamostati ni mshukiwa wa mwisho, na ukiikuta mbovu unaweka mpya, hutupi ukaacha tundu.

DIZELI NZITO
"Magazeti" 😂😂 nisubirini nikae vizuri

MBAVU ZA CHUMA
Samahanini nawakatisha, ila neno kilima limenirudisha pabaya, ngoja nilitoe.

Niliponunua Land Rover Defender yangu, yenye injini ya turbo ya 300Tdi, ilikuwa inatoa moshi wa bluu asubuhi. Si mwingi. Fundi aliyelikagua akasema ni uzee, ongeza oili utembee. Siku hiyo nina mama mkwe mbele, shemeji nyuma, na mizigo ya msiba hadi kwenye paa. Tunapanda mlima, gia ya tatu, nimekanyaga resi hadi chini. Ghafla gari likapata nguvu ambayo sijawahi kuiona. Nikafurahi sekunde moja. Nikaachia resi. Halikuachia. Sauti inapanda, inapanda, nikakanyaga klachi, ndiyo kwanza likapiga yowe, nyuma yetu moshi umefunga barabara, magari hayaonekani.

Nikazima ufunguo. Injini inaendelea. Nikauchomoa ufunguo kabisa, nimeushika mkononi namwonyesha shemeji, injini bado inanguruma na sauti inazidi kupanda. Mama mkwe alifungua mlango akashuka na pochi yake. Hakusema kitu. Shemeji anapiga kelele "Zima!" na mimi nampungia ufunguo.

Kilichotuokoa ni dereva wa lori aliyekuwa anashuka upande wa pili. Alisimama, akapaaza sauti: "Weka gia kubwa! Breki! Achia klachi!" Nikatia ya tano, nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga ya mguu kwa uzito wangu wote, nikaachia klachi mara moja. Gari likatikisika, likasogea kidogo, harufu ya klachi ikajaa, likafa. Kimya kile sitakisahau. Yule dereva akaja, akafungua mpira wa ile rejeta ndogo inayopoza hewa ya turbo. Oili ikamwagika chini inatiririka.

SPANA NNE
Eeh Mola. Na mama mkwe?

MBAVU ZA CHUMA
Alifika msibani kwa lile lori. Amefika kabla yetu.

PANYA WA GEREJI
Hii ni chai. Ufunguo umechomolewa na injini inaendelea kuwaka? Inachoma nini sasa?

FUNDI ASIYE NA HARAKA
Si chai, ndugu. Dizeli haina cheche za plagi. Inawaka kwa hewa kubanwa hadi kupata moto, na chochote chenye kuungua kikiingia humo kinawaka. Ufunguo unakata dizeli kwenye pampu tu. Sili ya turbo ikikwisha, oili inavuja upande wa hewa, inajikusanya kwenye mabomba, siku turbo ikisukuma kwa nguvu oili yote inakwenda kwenye silinda. Injini inajilisha oili yake yenyewe, na ikizidi mwendo turbo inazidi kusukuma. Ama ufanye kama yule dereva, ama uzibe njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu. Usizibe kwa mkono, ule mvuto unajeruhi. Mwenye gia otomatiki hana hiyo njia ya klachi, kwa hiyo azibe hewa, na kama mlio umeshavuka kiasi, akimbie.

Na wanaonunua za turbo: fungua ule mpira wa rejeta ndogo ya turbo kabla ya safari. Unyevunyevu wa oili ni kawaida. Ukikuta dimbwi, hiyo turbo ishuke.

PANYA WA GEREJI
Sawa, nimefunga mdomo. Injini ilipona?

MBAVU ZA CHUMA
Ilifunguliwa. Beringi mbili za konrodi zimepauka, turbo ya kutupa. Klachi nayo. Ila bloku zima.

WIFI WA LAMI
Mimi sielewi chochote humu ila nimesoma yote. Kumbe ndiyo maana mume wangu halali.

DIZELI NZITO
Tukirudi kwenye mada, mkanda wa taimingi jamani, ule unaopanga vali na pistoni zisigongane. Usimwamini muuzaji, usiiamini kilomita ya dashibodi. 1HZ inataka mkanda kila kilomita 100,000, na Toyota waliweka hadi taa ya T-BELT iwake ikifika. Taa hiyo kuna watu wanaizima bila kubadilisha mkanda. Kama hakuna karatasi, weka mpya pamoja na tensheni yake, hapo ndipo uanze kuhesabu kilomita zako.

MWANA PATROL
Ndiyo maana sisi wa Patrol zenye injini ya TD42 tunalala usingizi. Gia tupu, hakuna mkanda.

DIZELI NZITO
Mnalala usingizi kwa sababu hamfiki popote.

MWANA PATROL
Tunafika, tunawakuta mmeegesha mnatoa upepo kwenye dizeli. Someni hapo juu.

MZEE WA PAJERO
Injini yetu ya Pajero, 4D56, ina mikanda MIWILI, vijana. Wa taimingi na mdogo wa shafti za kutuliza mtetemo. Watu wanabadilisha mkubwa, mdogo wanauacha. Mdogo ukikatika unaingia kwenye mkubwa, vali zinakutana na pistoni. Mimi bado nina hedi ya kumbukumbu uani.

BWANA RAHISI
Mkanda ukikatika ni kudra.

MAMA CHUMA
Kudra gani wakati spea ipo?

NYUNDO
Kwa yeyote: mimina oili ya difu zote mbili, gia boksi na ile gia boksi ya fowili (ya kuvuta magurudumu yote manne), siku ya kwanza. Usiongeze, mimina uione. Yangu ya difu ya mbele ilikuwa nyeupe, maji matupu. Kipumulio cha difu kiliziba. Ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kwa kuwa haina pa kuvutia inavuta maji kupitia sili. Nimeweka mpira mrefu hadi juu karibu na betri, kwisha.

FUNDI ASIYE NA HARAKA
Nakazia. Na gia boksi za zamani angalieni oili. Kama kitabu kinasema oili ya daraja la GL-4 usimwage GL-5 kwa kuwa namba ni kubwa. Baadhi ya dawa za GL-5 zinakula zile ringi za shaba za kuingizia gia.

NYUNDO
Yangu inakula GL-5 tangu nimeipata na gia zinaingia.

FUNDI ASIYE NA HARAKA
Zinaingia leo.

MTAFUTA SPEA
Mwenye difu ya mbele ya uwiano wa gia 4.1 anicheki, mbele nina 3.9 na nyuma 4.1, muuzaji hakuniambia.

DIZELI NZITO
Usiweke fowili hata kidogo hadi uipate, mkuu. Mbele na nyuma zinavutana, kimoja lazima kipasuke.

KIJANA WA BONETI
Wakubwa, labda hilo ndilo langu. Nimeichukua wiki hii, fowili nikiiweka inaingia, lakini haitoki. Nikikata kona kwenye lami gari linajibana, linaruka. Kuna kelele pia kwa chini.

MAMA CHUMA
Mwanangu, hiyo ni fowili isiyo na difu ya katikati, haitumiki kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanazunguka njia ndefu kuliko ya nyuma, kwenye matope yanateleza yanajisawazisha, kwenye lami hayana pa kuteleza. Mfumo mzima unajikaza hadi lever inagoma. Rudi nyuma moja kwa moja mita chache, halafu vuta.

KIJANA WA BONETI
Imetoka! Ila hata nikinyoosha njia tu inajikaza tena.

MTAFUTA SPEA
Difu hizo. Karibu chamani.

MAMA CHUMA
Subirini kwanza. Soma namba za tairi, zote nne.

KIJANA WA BONETI
Mbele 265/70R16. Nyuma 265/75R16.

MAMA CHUMA
Za nyuma zimezidi kwa kimo zaidi ya sentimita 2 na nusu. Weka zote saizi moja, ndipo uturudie na hiyo kelele.