Chini ya miaka 13: mwili ama ufundi? Nafasi imebaki moja

kocha_maweni
Salaam jamaa. Nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 hapa Maweni, Malindi, mazoezi twafanya ufuoni maji yakikupwa mana kiwanjani jioni wakubwa washajaa. Sasa mashindano yamekaribia, kikosini nafasi imebaki moja na watoto ni wawili. Mmoja ana mwili, ukimwona wadhani yuko sekondari, spidi anayo, mipira ya juu yote yake, lakini boli ikimfika mguuni yaruka mita tatu. Mwengine mdogo, jezi yamfika magotini, huyu boli aituliza kwa guu lolote na kabla haijamfika ashajua anampa nani, tabu yake akiegemewa tu huyoo chini. Wasaidizi wangu wote wasema mkubwa. Moyo wangu uko kwa mdogo lakini nataka sababu jamani, sio mapenzi.

beki_mstaafu
Chukua mkubwa kocha. Nimecheza mpira wa mtaani hapa miaka kumi na kitu, viwanja mchanga, mashimo, pasi ya chini yafia njiani, mwenye mbio na mbavu ndo afaidi. Na sio mtaani tu, Victor Wanyama wetu, mita 1.88, mwaka 2012 Celtic ya Scotland walipowapiga Barcelona 2-1 yeye alifunga kwa kichwa, kona ilipigwa akapanda juu ya watu. Ule ni mwili bwana.

winga_wa_shela
Beki wamuonea Wanyama, kiungo wa Celtic na Tottenham hawezi kuwa urefu tu, yule alikuwa ajua pa kusimama. Alafu hao hao Barcelona kina Xavi na Iniesta hata mita 1.75 hawafiki na Kombe la Dunia la 2010 wamebeba na Uhispania. Messi alienda pale 2000 ana miaka 13, mtoto wa kudungwa sindano za homoni ili akue. Modrić naye klabu ya Hajduk Split walimkataa kwa udogo na 2018 akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, sasa fikiria mwalimu aliyemrudisha nyumbani.

beki_mstaafu
Sawa, lakini hao wahesabika. Wadogo waliopotea mbona hatuwataji?

mwalimu_gede
Ndugu zangu naomba niingie hapa, mimi nafundisha shule na michezo ni kazi yangu. Kocha kwanza angalia vyeti vya kuzaliwa. Umri wahesabiwa kuanzia 1 Januari, kwahivyo wa Januari na wa Desemba wako kundi moja na wamepishana karibu mwaka mzima, kwa mtoto mwaka ni mwingi mno. Tena kuna kubalehe, wavulana wengi warefuka kwa kasi sana kwenye miaka 13, 14 hivi lakini kuna wanaotangulia na kuna wanaochelewa, unaweza kuwa na wawili wa miaka 12 na mmoja mwili wake ni wa miaka 14. Hiyo nguvu ni ya kutangulia tu, wenzake wakimfikia wakiwa na 16 imekwisha, na huyo ndo mimi namuonea huruma zaidi kuliko mdogo, mana kila siku ashinda kwa kukimbia na hakuna anayemlazimisha kujifunza kutuliza mpira. Ubelgiji wana timu za taifa za vijana kwa ajili ya wanaochelewa kukua, na akademi za Uingereza kuna wakati wawapanga watoto kwa ukuaji wa mwili badala ya umri, mkubwa acheza na wakubwa wenzake ndo atumie akili. Na muulize kama magoti yamuuma, pale chini ya kifuniko cha goti. Wakirefuka haraka huwapata sana, ukimkimbiza tu wamuumiza.

kocha_maweni
Mwalimu nimerudi. Mkubwa ni wa Februari, mdogo Novemba. Na goti nimemuuliza, kumbe lamuuma tangu Ramadhani alikuwa aficha asije akaachwa. Imeniuma sana hiyo, mana mimi ndo nilikuwa namtuma mbio za mchangani kila siku. Basi mdogo aenda mashindanoni. Mkubwa namtafutia daktari, akipona nitamuweka na wale wa miaka 15 kwa mazoezi, kazi yake iwe pasi na kutuliza. Sijamwambia bado, nataka nimwambie mbele ya babake asidhani nimemtupa.

beki_mstaafu
Hapo kwa goti nimenyamaza. Lakini huyo mdogo ukimpeleka hivyo watamvunja. Kukinga mpira kwafundishwa kocha, ashushe kiuno, mkono utangulie kumgusa beki kabla beki hajamgusa yeye, mpira uwe guu la mbali. Nimewasukuma wengi najua wanaonishinda wafanya nini. Jumamosi maji yakupwa saa ngapi?

kocha_maweni
Saa nne hivi. Njoo kaka, twakungoja.